Siku Tatu Kwenye Mashine ya Ambakisye na Yustina

Vijana wa ofisi ya vipimo, mliponiaga mliniomba niwaandikie habari za kazi ya zamani. Nimeanza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika orodha ya vituo na vyeo, nikaisoma, nikasinzia. Hayo nimeyaacha. Yamo kwenye faili langu, na mnajua wenyewe faili la mstaafu hukaa wapi: hakuna ajuaye. Nitawaandikia shauri moja tu, kwa sababu hilo bado linanijia ninapokuwa nimekaa barazani bila kazi, na huja lote, na harufu yake.

Nilifika Sumbawanga nikiwa binti wa miaka ishirini na miwili, nikitoka Mbeya juu ya lori la magunia ya mbolea. Ilikuwa asubuhi na ukungu umelala chini. Dereva alisema tumefika, nikashuka, sikuona kitu. Nilisimama na sanduku langu nikisikia ng'ombe, watoto wakienda shule, kengele ya misheni, vyote bila miili. Nilidhani nimeteremshwa mahali ambapo mji bado haujajengwa. Halafu jua likapanda kidogo na nyumba zikaanza kutokea moja moja, kama mtu anazikumbuka.

Aliyenipokea ofisini alikuwa Mzee Gaspari, Mfipa mfupi aliyevaa koti la jeshi mchana na jioni. Hakunipa kitabu cha kanuni. Alinipa kisanduku cha mawe ya mizani, ya shaba, akaniambia nifumbe macho, akawa ananiwekea jiwe moja moja kiganjani mpaka niweze kulitaja. Tulifanya hivyo juma zima. Mwisho wa juma nilikuwa naota uzito. Usingizini nilishika mkono wa mama yangu, nikajua una kilo ngapi. Nilishika mlango wa nyumba yetu ya Mbeya, nikaujua nao. Nilipomweleza Mzee Gaspari alisema sasa naweza kwenda madukani.

Tulikwenda Matai, tulikwenda Chala, tulishuka mpaka Kirando kukagua wauza dagaa. Kule niliona debe lililogongwa kitako kwa ustadi, kiasi kwamba lilikuwa na tumbo la ndani. Mwenyewe alisema liliangukiwa na mtumbwi. Mzee Gaspari aliandika maelezo hayo kwa utulivu kabisa, neno kwa neno, kisha akalikanyaga debe.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Ukipita barabarani leo unakuta nyumba, mwezi ujao unakuta migomba peke yake imesimama na alama ya majivu ilipokuwa jiko. Na sheria mpya ya ndoa ilikuwa bado changa. Hakimu aliletewa shauri la mume na mke waliokuwa wakiachana na wana mashine ya kusaga, akataka mtu wa kuithamini. Wilaya nzima haikuwa na mthamini. Nadhani alitazama milango ya ofisi za serikali, akaona mlangoni kwetu pameandikwa vipimo, akaona inatosha. Mzee Gaspari alinipa mimi ile barua. Alisema magoti yake hayataki landrova tena.

Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Chala. Mume aliitwa Ambakisye, mtu wa kwetu Mbeya, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Alirudi na fedha ya kununua injini ya dizeli, na kifua kibovu. Mke aliitwa Yustina, Mfipa wa hapo hapo, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mrefu, nyusi zake nyeupe kwa unga. Walifunga ndoa bomani, wakakaa miaka kumi na miwili, wakapata watoto wawili. Baadaye Ambakisye alifungua nyumba nyingine Vwawa, na mwanamke mwingine. Baraza la usuluhishi liliwaita mara tatu. Mara ya tatu Yustina alisema hana ugomvi na mtu yeyote, anaomba talaka tu.

Ambakisye alitaka kuipeleka mashine Vwawa. Leseni ilikuwa kwa jina lake, risiti ya injini kwa jina lake. Alinionyesha zote, zimekunjwa ndani ya Biblia. Alizungumza nami Kinyakyusa kwanza, akiuliza ukoo wetu, na kwa kweli nilifurahi kusikia lugha ya nyumbani katika baridi ile. Alisema mke wake hakuweka hata shilingi moja. Alikuwa akimsaidia tu, kama mke yeyote.

Safari hiyo ya kwanza nilifanya kazi kwa haraka na, nilivyodhani, kwa usahihi. Niliorodhesha injini, mkanda wa ngozi, mawe mawili ya kusagia, mapipa ya dizeli, banda la matofali mabichi lenye bati. Kila kitu nikakipa bei kwa risiti na uchakavu wake. Jioni Ambakisye aliniletea nusu gunia la unga hadi kwenye gari. Niliurudisha, ingawa ulikuwa mzuri. Nikarudi Sumbawanga.

Mzee Gaspari alisoma karatasi yangu akiwa amesimama dirishani. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Umeandika vyuma," alisema. "Biashara umeiacha kule kule. Rudi, kaa siku tatu, na usiandike kitu mpaka siku ya tatu."

Nilirudi. Nilifikia nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Pius, mtu mwembamba aliyebeba hofu ya kijiji kizima. Watu walikuwa wamehamia juzi tu, nyumba nyingine hazina hata milango, na mashine ile ndiyo ilikuwa faraja yao pekee. Ikiondoka, wanawake wataenda Chala kwa miguu au watarudi kwenye kusaga kwa mkono. Aliniomba niandike bei ndogo ili kijiji kiweze kuinunua. Nilimwambia bei si yangu. Alisema anaelewa, na jioni ile mboga ilipungua kidogo.

Siku ya kwanza nilikaa juu ya gunia ndani ya banda tangu asubuhi. Injini ilidunda, mkanda ukapita na kurudi, na unga ukawa unaelea katika mwanga wa mlangoni bila kuanguka. Baada ya saa moja sikujua tena kama naisikia injini au ni moyo wangu. Wanawake waliingia kutoka kwenye ukungu wakiwa na ndoo na vikapu kichwani, wakatoka wakiwa weupe, wakaingia tena kwenye ukungu. Nilikuwa macho lakini kama mtu aliyelala. Pengine ndiyo maana niliona ambacho sikukiona siku ile ya haraka.

Yustina hakuwauliza wanachotaka. Huyu alileta ulezi wa ugali wa mkwe wake asiye na meno: Yustina alikaza skrubu ya mawe, unga ukatoka laini kama vumbi. Yule alileta ulezi wa pombe, Yustina akailegeza. Mwingine alileta mahindi yenye unyevu, akamrudisha ayaanike kwanza, na mwanamke hakunung'unika, aliyatandaza pale pale uani akaketi kusubiri. Mara kwa mara Yustina aliinamisha kichwa, akasikiliza. Sauti ikibadilika kidogo tu, mimi nisiisikie, alikuwa akizima injini, akisaidiwa na wanawake wawili kulinyanyua jiwe la juu, anachukua nyundo na patasi na kuchonga upya mifereji ya jiwe, maana jiwe butu huunguza unga, taratibu, kama mtu anayesuka nywele za mtoto.

Nilimuuliza alifundishwa na nani. Alisema fundi aliyeleta mashine alimfundisha mume wake, lakini vumbi la mawe lilimkaba, akakohoa mpaka damu. Basi akachukua patasi yeye.

"Nilimwonea huruma, mdogo wangu," alisema. "Sikujua kama nafanya biashara."

Jioni Ambakisye alinijia. Alikuwa ameniona nikimtazama mke wake kutwa nzima. Alisema kesho Yustina atapumzika, ili nione kwa macho yangu kwamba mashine ni mashine. Sikubishana. Kwa kweli nilitaka kujua.

Siku ya pili Yustina alikaa ng'ambo ya njia, kwenye kishamba chake cha ulezi, akipalilia. Hakugeuka hata mara moja. Ambakisye alijifunga kitambaa puani, akawasha injini, akapokea watu kwa upole. Aliijua injini yake, lazima niseme haki. Hakuna aliyeihudumia vizuri kuliko yeye. Mpaka saa nne kila kitu kilikwenda. Halafu unga ukaanza kutoka wa moto. Wanawake waliingiza mkono kwenye ndoo, wakausugua kati ya vidole, wakatazamana. Walifunga ndoo zao, wakashukuru, wakaondoka. Mmoja, bibi kizee, aliniwekea unga kidogo kiganjani. Nilifumba macho kwa mazoea. Kulikuwa na chenga, na chembe za jiwe.

Jioni nilimsikia Ambakisye akikohoa nyuma ya banda, peke yake. Alikuwa amejaribu kuchonga.

Siku ya tatu injini iliwashwa asubuhi kama kawaida, ikadunda, ikadunda, na uwanja ulibaki mtupu. Ukungu ulikuja mpaka mlangoni ukasimama hapo, kama nao umeleta ulezi. Kufikia saa tatu walikuwa wamekuja wanne, wageni wa kijiji kingine ambao hawakupata habari. Ambakisye alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Hakunitazama. Mwishowe alizima injini, na kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa mno, kilifika mpaka milimani.

Alivuka njia. Nilimwona akisimama ukingoni mwa shamba, kofia mkononi. Sikusikia alichosema. Yustina alisimama wima, akakung'uta udongo mikononi, akaja.

Walifanya kazi pamoja muda wa saa nzima, na mimi nikiwa mlangoni. Alipoinua mkono, mume alimpa patasi bila kuombwa. Alipolipuliza jiwe, mume aligeuza uso kuepuka vumbi, na Yustina naye akahama upande ili upepo usimpelekee mwenziwe vumbi. Walizungukana kama watu waliolala kitanda kimoja miaka kumi na miwili. Machozi yalinitoka. Nilikuwa msichana bado, nikafikiri shauri limekwisha, watarudiana, nitakwenda kumwambia hakimu hakuna cha kugawa.

Ambakisye alipotoka kufuata maji, nilimnong'oneza Yustina hivyo. Alinitazama kwa huruma, mimi niliyekwenda kumwonea yeye huruma.

"Hapana," alisema. "Hii ni kazi tu. Kwenye kazi tulipatana siku zote."

Ndipo niliandika. Niliandika vyuma upande mmoja, kwa bei zao. Upande wa pili niliandika siku tatu: siku ya kwanza watu walikuja wangapi na walisaga madebe mangapi, siku ya pili wangapi, siku ya tatu wangapi kabla Yustina hajavuka njia, na wangapi baada ya hapo, kwa sababu saa sita uwanja ulikuwa umejaa tena, sijui nani aliwaambia. Nilihitimisha kwamba injini, bila mikono ile, ni chuma chenye thamani ya chuma, na kwamba thamani ya biashara yenyewe imetengenezwa nusu na fedha za mume na nusu na kazi ya mke. Neno nusu nililiandika polepole. Hakuna kanuni iliyonipa neno hilo.

Mahakamani chumba kilijaa. Nilisoma karatasi yangu. Ambakisye, ambaye hakuwa mtu mbaya na sitaki mumfikirie hivyo, alisimama akaomba ruhusa kuuliza. Alisema injini ana risiti yake, banda watu wanaliona. Mikono ya mtu nimeipima kwa mizani gani?

Hakimu alinigeukia. "Swali zuri hilo, binti. Jibu."

"Niliipima siku ambayo haikuwepo, mheshimiwa."

Nilimwona Ambakisye akitazama chini, kwenye kofia yake. Alikuwa anauona uwanja mtupu, nadhani, na ule ukungu mlangoni. Aliketi.

Hakimu alichukua juma zima kufikiri. Siku ya hukumu alisoma kwamba sheria inataja kazi pamoja na mali, na kazi aliyoisikia hapa ni kazi. Kisha akawauliza kila mmoja anataka nini katika nusu yake. Ambakisye alitaka injini, mkanda na mapipa. Yustina alitaka mawe, banda na kiwanja. Bei zikalingana karibu kabisa, na nilijisikia fahari, lazima nikiri. Nilitoka nje ya mahakama nikiwa mwepesi, kana kwamba sigusi ardhi.

Juma hilo hilo lori lilikuja likabeba injini kwenda Vwawa.

Nilipopita kijijini baada ya mavuno, nilimkuta Ndugu Pius njiani. Alinisalimia kwa heshima zote. "Dada wa mizani," alisema, "umegawa sawasawa kabisa. Sasa hatuli."

Niliingia kwenye banda. Mawe yalikuwepo, yamefunikwa gunia, na mlangoni kwa nje wanawake wamepiga magoti wakisaga ulezi kwa mkono, Yustina akiwa mmoja wao. Sauti ile ya jiwe juu ya jiwe, nyuma na mbele, ilienea kijiji kizima kama mvua ndogo. Watu huipenda sauti hiyo wakiisikia kwa mbali. Mimi niliisikia karibu, nikaona viganja vyao. Yustina hakunilaumu. Alinipisha kwenye mkeka, nikasaga naye kidogo, na kwa dakika chache mabega yangu yalinifundisha kitu ambacho kiganja hakikuwahi kunifundisha. Nilikuwa nimethamini kila kitu isipokuwa wale waliokuwa wakisimama kwenye foleni.

Nilimweleza Mzee Gaspari nikitegemea anikaripie au anifariji. Hakufanya lolote. Alivuta kiti, akanipa karatasi, akaniambia niandike barua kwa mkoa kuomba injini ya kijiji. Niliandika. Niliandika nyingine, na nyingine. Ofisi ya vipimo haikuwa na mamlaka ya injini, na nilijibiwa hivyo kwa lugha safi mara nyingi. Ulipita msimu mmoja wa mvua, wa pili ukaanza, ndipo siku moja injini ikaja, imepakwa rangi ya kijani, haina mkanda. Mkanda ulichukua miezi mingine.

Serikali ya kijiji ilitaka basi mawe nayo yawe ya kijiji, kwani vitu vyote sasa ni vya wote. Yustina alikuja ofisini kwetu kwa miguu. Alisema hakatai ujamaa. Anataka tu jina lake liandikwe.

Tuliandika mkataba, Mzee Gaspari akisema maneno na mimi nikiyapiga kwa taipu: kijiji ni mwenye injini, Yustina ni mwenye mawe na mchongaji, na mapato yatagawanywa kwa wote wawili. Ndugu Pius alitia saini akitikisa kichwa kwamba hajawahi kuona kijiji kikifunga mkataba na mwanamke mmoja. Lakini alitia. Mboga za nyumbani kwake zikawa nyingi tena.

Miaka kadhaa ilipita. Mzee Gaspari alistaafu, akafariki. Siku moja nilikwenda kukagua mizani ya kijiji, nikamkuta Yustina amekaa kwenye jua nje ya banda, amevaa viatu vipya. Nilimwamkia, tukakaa. Alinieleza kwamba alikuwa ametoka Vwawa. Ambakisye alinunua mawe mapya mara ileile alipofika kule, akaajiri mchongaji, akamfukuza, akaajiri mwingine. Mwaka huo alimtumia Yustina barua kwa mkono wa mtoto wao mkubwa, akimwomba aende kumchongea mawe. Yustina alikaa na ile barua siku nyingi. Kisha alifunga nyundo na patasi kwenye kanga, akapanda gari.

Alifikia kwa dada yake Ambakisye. Alichonga mawe siku mbili, na mke wa pili alimpikia chakula kizuri, hakumlalamikia kitu. Ambakisye alikuwa amekonda, anakohoa sana. Alikaa mbali, upande usiopata upepo, akimtazama. Yustina alipomaliza na kuifunga nyundo yake, Ambakisye alikuja akasimama mbele yake.

"Akaniuliza, unachukua kiasi gani," alisema Yustina. Alitazama milima. "Nilikaa na patasi mkononi kama mjinga. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilimuuliza alimjibu nini.

Alinitajia bei. Ilikuwa kubwa, mshahara wangu wa mwezi haukuifikia.

"Akalipa?"

"Akalipa yote. Hakuniomba nipunguze." Alitazama viatu vyake, akatabasamu kwa upande. Ndani wanawake walianza kumwita, unga umeanza kutoka wa moto. Akajifunga kitambaa kichwani, akaingia kwenye vumbi.